Nyuki Akishatoka

Mpiga dawa alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti mbele ya mizinga, mkono mmoja umeshika pembe ya gunia lililolowa. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi iliyofuata jioni ya dawa: sala kwanza, magunia baadaye. Mizinga minne ilikaa juu ya mawe nyuma ya jiko, na ng'ambo ya ua wa miti lilianza shamba la matikiti.

Alingoja. Mkwe hamkatizi mkwe, sembuse akiwa anaongea na Mungu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona jana sikusikia mabomba yenu?"

"Hatukupiga. Gari la maji halikuja. Tutapiga leo jua likishashuka. Wafungulie tu, wasije wakakosa hewa humo."

"Jioni?"

"Jioni, Mama. Nitapita mapema nikusaidie kulowesha magunia."

Mama mkwe akavua gunia la kwanza, kisha mengine. Nyuki walitoka wakisukumana kama wanafunzi waliosikia kengele, wakapita juu ya ua kuelekea shambani.

Makubaliano hayo hayakuwa na karatasi. Wapiga dawa walipiga jioni, nyuki wakiwa wamerudi, na mama alifunika mizinga mpaka majani yakauke. Kwa hiyo matikiti yalizaa, na asali iliivusha nyumba kipindi ambacho shamba halina kibarua kwa mtu. Mizinga ilichongwa na marehemu baba mkwe. Mpiga dawa, mkewe na mtoto wao mdogo walilala katika chumba kimoja cha nyumba ya mama huyo, na uji wa mtoto ulitoka kwenye masega hayohayo.

Gari la maji liliingia shambani jua likiwa limeanza kuchoma. Msimamizi, ambaye wote walimwita Kipyenga kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, hakusubiri hata dereva azime injini.

"Vaeni mabomba. Tunapiga sasa hivi."

Mswaki, mpiga dawa mwenzake, mwembamba kama jina lake, alicheka akidhani ni utani. "Kiongozi, maua yote yako wazi. Nyuki wamejaa humo kama siku ya soko."

"Gari linatakiwa shamba la pili mchana. Na mnunuzi anakuja kesho, anataka kuona majani hayana mdudu. Nimwambie nini? Kwamba nyuki walikuwa hawajamaliza chai?"

Watu wakacheka. Mpiga dawa hakucheka.

"Kiongozi, tungoje jua lifike utosini. Ua la tikiti likishafumba, nyuki wanaondoka wenyewe. Tutapiga na gari tutaliwahi."

"Hebu geuka. Unawaona wale getini?"

Aligeuka. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, kama kila siku, wakingoja mtu afukuzwe au augue.

"Wote wana migongo," Kipyenga alisema. "Bomba halichagui mgongo."

Bwana shamba alikuwa ameketi juu ya kreti mlangoni mwa stoo. Alikuja kukagua, na ukaguzi wake ulikuwa umefika kwenye chupa ya pili ya soda. Mpiga dawa alimwendea.

"Mzee, si wewe uliyetufundisha kupiga jioni?"

Bwana shamba alilitazama debe la dawa lililokuwa miguuni pake. Ubavuni palichorwa nyuki aliyepigwa mstari mwekundu.

"Utaratibu ni jioni," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini shamba lina mwenyewe, kijana wangu."

Kisha akanyoosha mguu, akalizungusha debe kwa ncha ya kiatu mpaka ile picha ikaelekea ukutani.

Kukimbia nyumbani kusingesaidia. Gunia humfunika nyuki aliye ndani; akishatoka, haitwi. Mpiga dawa alijaza bomba, akalibeba hadi kwenye matuta yake, yale yaliyopakana na ua wa mama mkwe. Alipofika alichuchumaa kama anayekaza kamba ya kiatu, akachota udongo kwa ukucha na kuushindilia kwenye nozeli, mdomo wa bomba. Akapampu. Tone likatoka, likakatika.

"Limeziba," aliita, asimwite mtu yeyote hasa.

Alikaa kwenye tuta. Alifungua nozeli, akaipuliza, akatafuta mwiba, akachokoa taratibu, akarudisha udongo kidogo. Kivuli cha kigingi kilichokuwa mbele yake kilikuwa bado kirefu. Bwana, alisema moyoni, lisogeze jua. Sikuombi kingine leo. Kwenye matuta ya juu alisikia bomba la Mswaki likihema.

Kivuli kilipungua kidogo. Halafu kikaingiliwa na kivuli kingine.

"Bado?" Kipyenga aliuliza.

"Uchafu umo ndani kabisa, kiongozi."

Kipyenga alikuwa amebeba bomba jingine, limejaa. Alilitua, akaichukua ile nozeli, akaigonga kiganjani, na udongo ukadondoka. Aliutazama, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Hili haliingii uchafu," alisema. "Nimekuelewa, na nimekusamehe mara moja. Vaa."

Akavaa. Kipyenga alisimama nyuma yake mpaka tuta la kwanza likaisha, na la pili. Katika kila ua la njano palikuwa na nyuki, miguu imejaa unga. Mvuke wa dawa ulipowafikia, wengine waliruka, wakazunguka mara moja hewani kama waliosahau njia, kisha wakaanguka katikati ya majani. Wengine walivuka ua wakafika mizingani na dawa miilini. Hao ndio waliomuumiza zaidi. Alifikiria kulitua bomba. Akafikiria wale wa getini, na uji wa mtoto. Mkono uliendelea kupampu.

Alipotoka kazini alimkuta mama mkwe amekaa chini mbele ya mizinga, ufagio mapajani. Hakuwa anafagia. Nyuki walitambaa kwa mizunguko kwenye mawe, wakitetemeka, na wachache wazima walikuwa wakiwaburuta wafu nje ya matundu. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Hakumpokea.

"Mama," alisema, "mimi nilitumwa tu. Mjumbe hauawi."

"Kweli, baba. Mjumbe hauawi. Wanaouawa ni nyuki."

Hakusema kwa ukali, na mpiga dawa angeona afadhali ukali. Alibaki amesimama, kwa sababu alikuwa na ujumbe wa pili.

"Kipyenga anasema maua yasiposhika matunda, mwenye shamba atamla yeye. Wanatafuta akina mama wa kufanya kazi ya nyuki kuanzia kesho asubuhi. Unachuma ua dume, unalisugua ndani ya ua jike, unakwenda jingine. Amesema wewe utaielewa haraka."

Mama mkwe alivitazama vidole vyake.

"Kila ua?"

"Kila ua, Mama."

"Shamba lote lile?"

"Lote, Mama."

"Mwambie nitakuja," alisema. "Mwanao atakunywa nini?" Akajiinua kwa kushika jiwe. "Haya. Si ulisema utapita kulowesha magunia?"

"Mama, wamebaki wachache."

"Ndiyo maana nasema uloweshe magunia."

Alichota maji, akalowesha. Waliifunika mizinga pamoja, mmoja baada ya mwingine. Kisha mama akapiga magoti, naye akapiga magoti nyuma yake.

"Bwana, walinde waliobaki. Na aliyetuma na aliyetumwa, wewe unawajua kwa majina."

Akampa mkwewe nafasi ya kuitikia. Maji ya gunia la mwisho yalikuwa bado yakimchuruzika viwikoni. Alifungua mdomo aseme Amina, akasikia harufu ya dawa katika pumzi yake mwenyewe, akaufunga.