Siku Kioko Alipoposwa na Watu wa Wakrah

Kama kuna mtu aliyejitafutia makubwa kwa mdomo wake mwenyewe, ni Kioko. Watu wa Abu Hamour, waliokuja Uarabuni kutafuta riziki, walikuwa wakicheza besiboli yao kwa amani kila Ijumaa asubuhi kabla ya ibada, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala, wakichapwa na kila timu iliyojitokeza, na hakuna aliyewahi kuota kumuuza mwenzake. Mchezo wenyewe walifundishwa na Wafilipino wa gereji anakofanya kazi Githinji, nahodha wao. Lakini habari za thamani ya mchezaji, nani auzwe na nani anunuliwe, hizo zililetwa na Kioko na simu yake.

Kioko alikuwa mbeba mizigo katika hoteli moja ya kifahari. Wiki nzima wageni walimwita kwa kidole. Ijumaa ndiyo siku aliyoitwa Kioko. Uwanjani alisimama kati ya besi ya pili na ya tatu, vituo vya wakimbiaji, mahali ambapo mipira hupita kwa hasira, na mpira uliopita hapo ulipita kwa ruhusa yake. Hilo ni la kudaka. La kupiga tuliache. Gongo mikononi mwa Kioko lilikuwa la kufukuzia nzi, na hata nzi wenyewe hawakuwa na wasiwasi.

Baada ya ibada timu ilikuwa ikikusanyika sebuleni kwa Sista Nyanchama, muuguzi, ambaye pia alikuwa mrushaji wao, na mumewe Tom, dereva asiyejua besiboli wala kutaka kuijua. Hapo walikula chapati na kutazama mechi za Marekani, na hapo ndipo Kioko alipojiponza kwa ulimi wake. Siku hiyo walikuwa wakibishana juu ya mchezaji mmoja wa huko, mdakaji hodari, asiyejua kupiga, na kifundo chake cha mguu kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Uza!" alisema Kioko, mdomo umejaa chapati. "Msee hapigi, na mguu nao ni mbovu. Unamweka wa nini? Uza kabla watu hawajashtuka."

"Lakini anadaka," alisema Kiprono, kijana wa kompyuta aliyeweka takwimu za timu. "Ukizuia pointi moja ni sawa na kufunga moja. Hesabu ni ile ile."

"Hizo ni hesabu za laptop. Nani amewahi kuenda nyumbani akiimba kwa sababu ya kudaka?"

"Na mwenyewe huulizwa?" aliuliza Nyanchama.

"Sista, Marekani hakuna kuulizwa. Mtu anaamka anapata ameuzwa. Anabeba begi, anaenda. Ni biashara."

Mtu anayedaka na hapigi, akihukumu mtu anayedaka na hapigi! Wala hakusikia kwamba anajisema mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Githinji alitafuna polepole huku akimtazama.

Haukupita muda wakachapwa na Umm Salal bila kupata hata pointi ya kufutia machozi, na kesho yake Githinji akaandika kwenye kundi la WhatsApp. Watu wa Al Wakrah wana mpigaji anaitwa Ronnie, akiupiga mpira unatafutwa kwenye magari yaliyoegeshwa. Ila ukuta wao wa nyuma unavuja. Basi wamekubaliana wabadilishane, Ronnie aje, Kioko aende. "Kama Kioko alivyotuelimisha," akamalizia, bila chembe ya utani.

Kioko aliusoma ujumbe huo akiwa kwenye lifti na masanduku ya mgeni. Akajibu, "Sawa kapteni. Ni biashara." Kisha akaenda stoo ya mizigo, akakalia sanduku la mtu asiyemjua, na tusifichane, alilia. Wakrah si mbali, ni basi tu. Lakini hakuwa akililia nauli. Miaka miwili alikuwa ameamini kwamba katika mji huu kuna mahali pamoja ambapo akikosekana watu wataulizana yuko wapi.

Nyanchama alipoiona habari hiyo alituma ujumbe wa sauti, na ilisikika wazi kuwa alikuwa amesimama. "Mtu si mtungi wa gesi, eti unapeleka huu unarudi na ule. Hao watu wa Wakrah wakimtaka mtoto wa hapa, waje nyumbani, waketi, waseme, na mwenyewe aulizwe." Hakuna aliyebishana naye. Nusu ya timu ilikuwa imechomwa sindano na mkono ule.

Sasa kuketi waliketi, lakini kuketi vipi? Hakuna aliyejua Wamarekani hukaaje katika mambo kama hayo. Mashauri ya kumtoa mtu nyumba moja kwenda nyingine waliyajua ya aina moja tu, nayo ni ya posa. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata watu wa Wakrah walifika kwa Nyanchama wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wamebeba sanduku la barafu kama zawadi ya kufungulia mlango, na birika kubwa la chai ya karak, ile ya maziwa na iliki. Mbele yao alitembea Benard, nahodha wao, aliyekuwa amewasemea binamu zake wote kwa wakwe na hakuna aliyerudi bila mke.

Kioko na Ronnie waliwekwa jikoni, kama inavyostahili wanaozungumziwa. Ronnie alikuwa jitu la mtu, mlinzi wa geti kwa kazi, mpole. Aliona sahani ya mandazi, akaivuta kwake, akawa nyumbani.

Sebuleni chai ilimiminwa vikombeni, na Githinji akatangaza sheria ya kwao. Chai ya wageni hainywewi mpaka anayeposwa aitwe na kuulizwa kama inywewe. Tom, ambaye mkono wake ulikuwa umeshafika kikombeni, alitazamwa na mkewe, na mkono ukarudi ulikotoka.

"Sisi tulikuwa tunapita tu," alianza Benard kwa sauti ya mashauri. "Tukipita kando ya kiwanja chenu, tukaona kuna kitu kinadaka. Tukasema, hicho kitu kina wenyewe, tusikiokote ovyo, twende tubishe hodi. Na hatukuja mikono mitupu. Tuna Ronnie. Ronnie ni nguvu, Ronnie ni afya, Ronnie hakosi mazoezi. Tunamtoa kwa moyo mweupe."

Jikoni Ronnie alitabasamu na kuchukua andazi lingine.

Ilikuwa zamu ya Githinji. Na kwenye posa mwenye mali husifu mali yake, maana akinyamaza itachukuliwa bure. "Bwana Benard," alisema, "mmesema kitu? Huyo si kitu. Mmewahi kuona mtu akidaka mpira akiwa amelala kifudifudi, halafu akaurusha kabla hajainuka? Siku ile na Umm Salal alikimbia kinyumenyume, jua machoni, kofia imeanguka huko, na mpira akaupata. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Nilipofumbua, ulikuwa kwenye glavu."

Jikoni Kioko alitega sikio. Miaka miwili neno pekee alilosikia kwa Githinji lilikuwa, "Kioko, piga mpira, usipige hewa."

"Hata takwimu zinasema," alidakia Kiprono, na laptop ikasikika ikifunguliwa. "Bila yeye tungefungwa mara mbili ya tulivyofungwa. Na tumefungwa sana, nyinyi mnajua."

"Na mambo ya nje ya uwanja je?" alisema Nyanchama. "Kiprono alipovunjika kidole, nani alimfulia nguo mpaka akapona? Barafu ya timu huletwa na nani? Mimi nikitoka shifti ya usiku siwezi hata kuona mpira, nani husema 'Sista, rusha tu, mimi niko nyuma yako'?"

"Wueh," alisema Ronnie jikoni. "Kwani wewe ni mtu mkubwa hivi?"

"Muuzaji lazima asifu," alijibu Kioko kwa uchungu. "Umewahi kusikia mtu akisema ng'ombe wake ni mbaya siku ya soko? Wanasifu bei hao, si mimi."

Lakini sebuleni kulikuwa kumetokea jambo ambalo Kioko hakuliona. Wale watu walikuwa wameyasikia maneno yao wenyewe. Githinji alibaki akikitazama kikombe chake. Kiprono aliteremsha kifuniko cha laptop taratibu. Nyanchama alimwinamia nahodha wake akamnong'oneza, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Githinji alikohoa. "Lakini Bwana Benard," alisema, na sauti ya kujigamba ilikuwa imemtoka, "tusije tukalaumiana baadaye. Kuna bega."

"Bega gani?"

"La kulia. Masanduku ya hoteli yameliharibu. Akirusha linalia kama mlango wa stoo. Sioni kama litamaliza msimu."

"Na hapigi," alisema Kiprono haraka. "Msimu mzima amegusa mpira mara moja, na ule ulimgonga yeye. Anafumba macho! Nina video."

"Na anapiga mluzi uwanjani," alisema Nyanchama. "Nyimbo za kanisa, na anazikosea. Na ni mbishi. Akianza ubishi wa wachezaji wa Marekani hamtalala."

"Ana kelele," Githinji alikazia. "Na soksi zake, Bwana Benard. Sipendi kusema habari za soksi za mtu, lakini kwenye gari la Tom tulifungua madirisha mwezi wa saba, na joto lile la huku."

"Hiyo ni kweli," alisema Tom, na ndiyo mara ya kwanza alichangia mambo ya besiboli tangu azaliwe.

Benard aliwasikiliza wote, kisha akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Mimi nimeketi posa nyingi," alisema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mlipokuwa mnamsifu nilianza kuogopa, nikasema hapa tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Sasa mnavyomponda hivi, najua ni dhahabu. Bega tutalikanda wenyewe. Tunaongeza glavu mpya na magongo mawili. Khalas, yamekwisha, mwiteni aulizwe, chai inapoa."

Jikoni, Kioko alikuwa amejiinamia, na Ronnie alidhani analia. Kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa akicheka, ameuma kitambaa cha sahani asisikike. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu siku ya lifti kilikuwa kimeanza kufunguka aliposikia neno bega. Hakuwa amemwambia mtu juu ya bega. Githinji alijuaje, kama hakuwa akimtazama kila Ijumaa?

"Wanakutusi na wewe unacheka?" aliuliza Ronnie.

"Soksi, Ronnie. Umesikia amefika mpaka kwenye soksi?"

Waliitwa. Kioko alitoka mbele, Ronnie akasimama mlangoni mwa jikoni na andazi lake. Githinji aliuliza swali bila kuinua macho, kama mzazi anayeogopa jibu la mwanawe.

"Kioko, watu hawa umewaona. Wamekuja na chai. Tunywe, tusinywe?"

Kioko alimtazama Githinji, akamtazama Kiprono, akamtazama Sista Nyanchama aliyekuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mliponisifu," alisema, "nilijua mmeniuza, na iliniuma sana, siwafichi. Lakini mlipofika kwenye soksi zangu, nikajua niko nyumbani." Akapangusa pua kwa kiganja. "Msinywe."

"Hata mimi?" alilia Tom.

Kiprono alipiga meza kwa furaha, vikombe vikaruka. Githinji aliinuka akamkumbatia Kioko kwa nguvu, akakumbuka bega, akamwachia, akamkumbatia upande wa pili. "Lakini kupiga utajifunza," alisema. "Ama nikuue." Nyanchama alitangaza kwamba chai ya posa imekwisha, na iliyobaki vikombeni sasa ni chai tu kama chai nyingine, na mgeni haondoki kwake na kiu. Tom hakungoja kuambiwa mara mbili. Hata Benard alicheka, maana anayeposa lazima ajue pia kukataliwa, na sanduku la barafu akasema libaki.

Ni Ronnie peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa bado mlangoni, andazi limesahaulika mkononi.

"Kapteni Benard," alisema polepole. "Mimi mlinisifu tangu mwanzo mpaka mwisho."

Watu waligeuka kumtazama. Hakuwa mtu mbaya Benard, ila kwa utamu wa mashauri alikuwa amesahau kwamba ndani ya neno Ronnie kulikuwa na mtu. Aliliangalia lile jitu lililosimama likingoja, likiwa na sukari ya andazi kwenye shati, na uso ukamwiva kwa aibu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ronnie," alisema, "wewe ukikimbia ni kama mtu amebeba friji."

Ronnie alisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Glavu yangu uliikalia ikawa chapati. Ukilala kwenye basi unakoroma mpaka dereva anakosa kona. Na kila nikileta chakula cha timu, nafunga mkebe, nakuta kimepungua, na mkebe bado umefungwa. Mpaka leo sijui unafanyaje."

"Endelea," alisema Ronnie. Alivuta kiti akaketi karibu na nahodha wake, akanyoosha mkono achukue kikombe cha chai.