Tofali la Pembe ya Nne

Habari iliwakuta na chungu jikoni. Fundi Tofali alikuja mbio kutoka kwenye tanuri lake, udongo umemjaa mikono hadi viwikoni, akasimama mlangoni akihema.

"Mpimaji wa serikali anakuja kesho asubuhi," alisema. "Anatazama mipaka. Akiridhika tunapewa hati, kiwanja kinakuwa chetu."

"Kwani sasa hivi ni cha nani?" aliuliza mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ni chetu, mama. Ila serikali haijui."

"Basi pole zao."

Mkewe alicheka, na mtoto mgongoni akacheka naye, maana alikuwa katika umri ule wa kucheka kwa sababu mama kacheka. Walimwita Kibogoyo. Ufizi wake ulikuwa mwekundu na msafi kama ndani ya ua la waridi, na jino hata dalili.

Kiwanja walikinunua kwa jirani yao, mzee mmoja aliyeitwa Kidevu. Walikinunua kabla ya sheria mpya ya ardhi, na hapo ndipo maisha yao yote yalipokuwa yamening'inia. Sheria ilisema waliouziana kabla yake watatambuliwa. Waliouziana baada yake wamejisumbua bure, ardhi yao ni ya serikali. Siku ile ya kununua hakuna aliyeandika chochote. Fundi na Kidevu walizunguka kiwanja wakiongea, na kila walipofika kwenye pembe walizika tofali, nusu chini, nusu juu. Basi. Tangu hapo udongo wa shimo walilochimba humo kiwanjani ndio uliojenga nusu ya mji, na udongo huohuo ndio uliowalisha.

Jioni mke alitoka kutazama pembe zote. Matofali ya mpaka yalikuwa yameota ukungu wa kijani, kingo zimelika kwa mvua, moja limepasuka ubavuni pale mbuzi walipozoea kujikuna.

"Baba Kibogoyo," aliita, "hivi mgeni wa serikali utamwonyesha haya? Si atasema ndiyo kazi yako?"

Fundi alikuja, akainama, akaona aibu. Kwake tofali bovu halikuonekana na mtu. Lililopinda lilirudishwa matopeni kabla mteja hajafika. Hata choo chao kilijengwa kwa matofali ya daraja la kwanza, kwa sababu, alisema, mteja naye hubanwa. Kwa hiyo hawakubishana. Walichagua manne mazuri kutoka kwenye tanuri la mwisho, mekundu, yenye kingo kali, yanayolia ukiyagonga. Waling'oa ya zamani, wakapanda mapya, wakayashindilia kwa miguu wakicheka kama watoto.

"Hayo mabovu nileteeni," alisema mama mkwe. "Mafiga yangu yamechoka kuliko mimi."

Matatu yakawa mafiga usiku uleule. La nne alilikalia.

Mpimaji alifika na kofia yake, chombo chake cha miguu mitatu, na mkalimani aliyevaa kaptura iliyonyooshwa hata ungeweza kujikata nayo. Alisalimia vizuri, hilo lazima lisemwe. Alifika pembe ya kwanza, akachuchumaa, akagusa udongo mbichi kuzunguka tofali. Akaenda ya pili. Kufikia ya nne alikuwa hachuchumai tena.

"Bwana anauliza," alisema mkalimani, "haya yamepandwa lini?"

"Jana," alisema Fundi kwa fahari. "Tulijua mnakuja."

Mkalimani alimtazama kidogo kabla ya kutafsiri.

"Bwana anasema, basi mmeuziana jana."

"Hapana! Tulibadilisha tu. Ya zamani yalikuwepo."

Kidevu aliitwa. Alikuja na fimbo yake, tayari kwa ugomvi. "Nilimuuzia mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, mwaka ule wa nzige! Sheria yenu ilikuwa haijazaliwa!"

"Bwana anasema, muuzaji na mnunuzi wakisema neno moja, hilo si ajabu."

"Mwambie bwana na mimi nina macho!"

"Hilo silitafsiri, mzee."

Mke hakusubiri zaidi. Alikimbilia jikoni, akaepua chungu, akafunga figa moja kwa kitambaa, likiwa bado la moto, akarudi nalo mbele ya mpimaji. Moto wa usiku mmoja ulikuwa umelamba ukungu wote. Lilikuwa jeusi kwa masizi, kama figa lolote duniani.

"Bwana anasema hili ni la kupikia."

"Lipo jingine!" Alikwenda tena, akamwinua mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. Hilo lilikuwa na ukungu wake, kijani kibichi, na chini mstari mweusi ulioonyesha lilizikwa hadi wapi. Mpimaji alilishika kwa muda mrefu. Mke alimtazama usoni, na kwa dakika ile aliamini. Kibogoyo alinyoosha mkono kulichezea.

"Bwana anakubali tofali hili ni la zamani. Lakini anauliza, lilisimama wapi? Na nani alilitoa?"

Walilitoa wao.

Mkalimani alitazama viatu vyake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya matofali ya shimo lile, na aliyanunua zamani, kabla ya sheria yoyote. Angeweza kusema. Alikunja karatasi zake badala yake, akalichukua tofali la nne, akasema linahitajika ofisini kama ushahidi.

Uamuzi ulikuja kabla ya mvua. Mauziano batili. Kibao cha serikali kilisimamishwa penye shimo, na kwa kuwa serikali ilikuwa inajenga, iliona vema kumwajiri mtu anayelijua vizuri shimo hilo. Fundi alikubali.

"Nifanye nini sasa," alimwambia mkewe katika chumba cha kupanga, "nishone nguo?"

Hakumlaumu kwa yale matofali, hata siku moja. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Siku moja mke alimpelekea chakula kwenye ujenzi wa ofisi ya ardhi. Kibogoyo alikuwa na meno mawili tayari, anatembea kwa kushikilia kanga ya mama yake. Mlango wa chumba kimoja kilichokwisha kukamilika ulikuwa wazi, na kilichouzuia usijifunge ni tofali kuukuu. Ukungu wake ulikuwa umekauka na kuwa kijivu, lakini mstari wa udongo ulionekana bado.

Aliinama, akalikumbatia, likamchafua kifuani.

"Wewe mama!" Mkalimani alikuwa mezani. "Unalipeleka wapi?"

"Kwangu."

"Hiyo ni mali ya ofisi. Na mlango utajifunga."

"Ujifunge."

Mkalimani aliinuka nusu, kisha akakaa. Mke alitoka, mlango ukajibamiza nyuma yake. Nje, alimsogeza mtoto akamshikisha mkono wake mdogo pale kwenye mstari.

"Shika, mwanangu," alisema. "Kwetu palikuwa na kina hiki."