Jabari wa Darini

Shule ilitaka dari ya maabara iwe na nyota, na aliyempigia debe Fundi Nyundo apewe kazi alikuwa bintiye wa kidato cha tatu. "Baba anaweza," aliwaambia walimu. Walimu wakatazamana, maana Nyundo aliishia darasa la tano na hafichi. Leo saa nane wazazi wanakuja kutazama. Kazi ikienda mrama, yeye ngozi yake ngumu. Atakayeaibika ni mtoto.

Kufika saa nne ubao wa dari ulikuwa juu, bluu nzito, taa ndogo zimechomoza kwenye matundu: kundinyota la Jabari, mwindaji mzima na mkanda wake wa nyota tatu. Binti akaingia wakati wa mapumziko, akainua uso.

"Unamwonaje, mama?" Nyundo akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Baba, amegeuka. Ile nyekundu, Ibuti la Jauza, iko bega silo. Na Rijili iko mguu sio."

Nyundo akashuka ngazi, akautazama mchoro wa nyota aliopewa na shule. Mchoro haukuwa na kosa. Yeye ndiye aliyelaza ubao kifudifudi, akautandika mchoro mgongoni, akatoboa. Ulipopanda, kushoto kukawa kulia. Miaka ishirini anatoboa dari hivyo hivyo, lakini taa ya sebuleni haina bega.

"Acha tu, fundi," mwalimu wa sayansi akasema kutoka mlangoni. "Mtu akisimama upande wa pili si atamwona sawa?"

"Hapana, mwalimu," binti akajibu. "Atamwona kichwa chini tu. Bega ni lile lile."

Nyundo akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyo umemfundisha mwenyewe. Haya, shika ngazi."

Wakauteremsha ubao. Matundu yalikuwa yamepenya, kuugeuza kulitosha. Kilichobaki ni kupaka upande wa pili na kurudisha taa, moja moja. Binti akaomba ruhusa, akavua sweta, akashika brashi. Tai ya mwalimu nayo ikapata bluu yake.

Saa nane wazazi wakajaa. Rangi bado mbichi. Taa zikawaka.

"Fundi," mwalimu mkuu akauliza mbele ya wote, "ile nyekundu ni nini?"

"Ibuti la Jauza. Ndilo bega. Asubuhi nililiweka upande mwingine, binti yangu akanishusha ngazi."

Maabara nzima ikaangua kicheko, na binti akacheka kuliko wote.

"Na Rijili, baba!" akapaza sauti kutoka nyuma. "Waambie na Rijili!"