Chenga za Matumbawe

Dawa ya meno huku kwetu serikali inayo moja tu, koleo. Ndiyo maana daktari Mwanapili aliponiambia ana dawa ya kuotesha mfupa, nilimtazama mara mbili.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Mke wangu Mbula tulikuwa tumemzika; malaria ilimuua katika wodi isiyo na hata sindano, wakubwa wakipita na magari yao kwenda kustarehe Diani. Nilibaki na shamba la Shimba Hills na ufizi unaotoka usaha. Meno mawili yalikuwa yanacheza: gego moja, na jino la mbele ambalo baba alilichonga ncha, kama ilivyokuwa desturi yetu Wakamba.

Mwanapili, mzaliwa wa Msambweni, alikuwa akisomea Nairobi, amekuja kuijaribu dawa hiyo. Aliniamkia shikamoo, akanisafisha ufizi hadi mizizini, kisha akanionyesha chenga nyeupe kama za mchele. Zimetokana na matumbawe, akasema, yakapikwa hadi yakawa kama mfupa. Kila chenga imejengwa kwa chembe ndogo mno, elfu moja zikijipanga hazizidi unene wa unywele. Zikitiwa kwenye shimo la taya, mfupa hutambaa ndani yake.

Mimi nimechonga mawe ya matumbawe timboni miaka ishirini. Nikamuuliza, "Vumbi lake nimelila miaka yote hiyo. Mbona sikuota mfupa?"

Akacheka. Akasema lile ni bichi, tena kinywa changu kilikuwa kichafu.

Sikuridhika. Vichupa vilikuwa viwili, kimoja kwa kila jino. Alipofungua cha kwanza akageuka kuvaa glavu, nilifanya tunavyofanya timboni: nikatia kidole, nikaweka chenga moja ulimini. Jiwe lenye vitundu hunata, maana linakunywa mate. Jiwe bovu huteleza.

Ilinata.

"Mzee Mutunga," akasema taratibu, "kichupa hicho kilikuwa hakina kijidudu hata kimoja. Sasa hakifai. Kimebaki kimoja, chagua jino."

"Hili la mbele."

"Gego ndilo litakalokulisha, baba."

"Si gego lililomfanya Mbula aikubali posa yangu."

Gego likang'olewa kwa koleo lile lile la serikali. Miezi sita baadaye Mwanapili aliinua picha ya taya dirishani: palipokuwa peusi pamefanya ukungu mweupe, umelikumbatia jino. Nikalisukuma kwa ulimi. Halikutikisika.

Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, sasa nautafuna upande mmoja, polepole, na bado najiuliza mfupa ulijuaje pa kutambaa.