Milango Themanini na Minne ya Quiterajo

Mambo haya yalitokea mwaka wa 2023, mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zimebakiza wiki tano. Tulikuwa tumerejea kijijini kwetu Quiterajo kutoka ukimbizini, tukakuta kuta za nyumba zetu zimesimama, lakini milango themanini na minne haipo. Mimi nililala nyuma ya mkeka uliotundikwa kwa misumari miwili.

Mjukuu wangu Zuleica ni mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya ujenzi iliyopewa kazi ya milango hiyo. Mkuu wake, mhandisi Abílio, mtu wa Beira, alitaka kuagiza milango ya kipimo kimoja kutoka mjini Pemba, huku kwetu Msumbiji, kisha kuta zichongwe au zizibwe mpaka zilingane nayo.

“Kuta za mawe na chokaa zikichongwa hupasuka, senhor engenheiro,” Zuleica alimwambia. “Na hakuna nafasi mbili za milango zinazolingana.”

“Kwa hiyo utachora milango themanini na minne, menina?” alisema Abílio, kwa Kireno akimwita msichana mdogo. “Mvua itakukuta kwenye wa ishirini.”

“Nitachora mmoja.”

“Mmoja?”

“Unaojirekebisha. Nipe wiki mbili.”

Alimpa, huku akicheka. Maseremala wanne wangehitaji wiki tatu za kazi baada ya hapo. Siku ya kumi na nne ikipita bila michoro, milango ya Pemba ingeagizwa.

Zuleica aliujenga mlango huo ndani ya kompyuta kipande kwa kipande. Aliamua kwanza kipi kibadilike na kipi kisibadilike: upana, kimo na unene wa ukuta viandikwe upya kwa kila nyumba, lakini bawaba, kitasa na unene wa miimo, zile nguzo za pembeni, vibaki vilevile. Mara ya kwanza alipoupanua mlango, kitasa nacho kikapanuka kama sinia. Akabomoa. Mara ya pili mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ulibaki upande mmoja badala ya kukaa katikati ya mbao mbili. Akabomoa tena. Mwishowe akaweka kanuni kwamba fremu ipungue upana wa kidole gumba kila upande wa nafasi, ili chokaa ipate pa kuingia. Sasa ukiandika namba tatu tu, mlango mzima ulijipanga wenyewe.

Vipimo alivichukua katika karakana ya fundi Suleimane, seremala wa kijiji, ambaye hakuwahi kuandika kipimo karatasini. Kila nyumba ina ufito wake, uliotiwa alama za upana, kimo na unene kwa kisu, nazo fito zote huning'inia ukutani. Fundi alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Zuleica hakumngoja, alizipima fito zote, akaondoka. Haraka hiyo siisifu.

Karatasi sita za kwanza za michoro zilipomfikia, Suleimane alitengeneza fremu sita kwa siku sita. Siku ya kumi akamwita Zuleica mbele ya nyumba ya kwanza. Fremu ilicheza ndani ya ukuta.

“Hii ni ya mlango au ya kizimba cha kuku, bibie?”

“Nimepunguza kidole gumba kila upande, fundi. Ndiyo kanuni.”

“Na mimi nilikwisha kukipunguza nilipoutia ufito alama! Ufito ni wa fremu, si wa nafasi. Hata randa yangu inalijua hilo.”

Zuleica aliinamisha kichwa. “Nisamehe, baba. Sikuuliza.”

“Mbao nitazigeuza madirisha. Siku zangu sita nitazigeuza nini?”

“Nitakulipa. Siku kwa siku.”

“Kwa kompyuta?”

“Kwa mikono.”

Abílio alipopata habari aliuliza jambo moja tu: “Niagize Pemba?”

“Zimebaki siku nne, senhor engenheiro.”

Kuirekebisha kanuni kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na milango yote themanini na minne ikafuata. Lakini Zuleica hakuridhika. Kwa siku tatu alikwenda nyumba kwa nyumba, ufito mkononi, akalinganisha kila alama na kila ukuta. Alikuta kuta tatu zilizovimba tangu fundi alipozipima, akaandika namba mpya.

Siku ya kumi na nne mhandisi alichomoa karatasi tano bila kuchagua, akaenda kuzipima mwenyewe juani. Alirejea akifuta jasho.

“Zipelekwe kwa maseremala,” alisema. “Na mlango huo wako uhifadhi. Tuna shule ya kujenga kule Mucojo.”

Zuleica aliomba likizo ya siku sita. Kila alfajiri alikuwa karakana, akiranda miimo. Siku ya kwanza Suleimane alimrudishia mbao nne: “Hii ni ngazi au mwimo?” Siku ya tatu malengelenge yalipasuka, naye akafunga viganja kwa kitambaa, akaendelea. Siku ya sita, jua likielekea kuzama, alimkabidhi fundi mwimo wa mwisho. Suleimane aliupitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, akauegemeza pamoja na mingine, akaipokea randa yake.

“Siku sita,” alisema. “Sasa sikudai kitu tena.”