Shoga wa Kwenye Blogu

Blogu ya fundi cherehani ilidoda mpaka alipoanza kumsema mama mkwe wake, "polisi wa jikoni", akijiita Kitufe. Aliyemletea wasomaji ni mwanablogu mwenzake, Sindano Butu, aliyelia na mkazamwana mvivu, "gogo la kitandani". Kila wiki waliliwazana: "Vumilia, shoga!"

Siku wanablogu walipokutana mgahawani, kila mtu na jina lake la blogu kifuani, fundi akamtafuta Sindano Butu amkumbatie. Akamkuta. Alikuwa mama mkwe wake.

Ndoa ndiyo hiyo inakwenda!

"Mama... ni wewe?"

Mama mkwe akasoma "Kitufe", akashika mdomo. "Yaani mimi ndiye polisi wa jikoni?"

"Na mimi ndiye gogo la kitandani?"

Kisha mama mkwe akavuta kiti.

"Kaa, shoga. Mumeo asijue."