Mbuzi Mweupe Asiye na Alama

Februari ya 2013 Chelangat alikuwa Lodwar, katika ukumbi wa kukodi wenye mabati ya moto, akifanya mtihani wa kuhuisha cheti chake cha usalama wa gesi. Alikuwa fundi wa miaka mingi. Majiko makubwa ya mashirika kule Kakuma yaliwaka kwa mabomba aliyoyafunga yeye. Lakini cheti kilikuwa kimeisha muda, na bila cheti askari wa geti hamruhusu fundi kupita hata na spana.

Swali la kwanza liliuliza namna ya kuzuia bomba lisigande kwa barafu. Nyuma yake Lopeyok, mwenye duka la mitungi Kakuma, alikuwa amelalia karatasi yake akikoroma.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa ya Chepngetich, binti yake aliyebaki nyumbani Kakuma. Mtoto huyo hapigi simu bure.

"Mama, kuna mbuzi ameingia kwetu."

"Wa nani?" Chelangat alinong'ona.

"Sijui. Ni mweupe, sikio halina alama. Nimemfungia ndani asipotee zaidi. Mwenyewe akija atamkuta."

Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyofundishwa huko. Mnyama wa watu akipotea mfungie, mpe maji, ungoje mwenyewe. Chelangat ndiye aliyemfundisha.

"Ananuka?"

"Kama kitunguu kimeoza. Amelala tu chini, na anazidi kunenepa. Mimi niko nje kwa mlango, nataka kuingia niwashe jiko nichemshe chai."

Chelangat akasimama. Gesi ikivuja Kakuma hutoka hivyo, mbuzi mweupe asiye na kivuli, mpenda kulala sakafuni. Huyu lazima alikuwa ametoka kwa Adeng, jirani muuza mandazi, aliyefungiwa na Lopeyok mpira wa gesi wa zamani wenye nyufa.

"Fundi," akasema Kariuki, msimamizi wa mtihani, "ukitoka na hiyo simu umeanguka."

"Basi nimeanguka, bwana."

Alipofika nje alipaza sauti. "Usiguse kiberiti! Fungua mlango wazi, na dirisha. Mfukuze na ufagio, polepole, mpaka kwenye upepo. Halafu mwambie Adeng afunge mtungi."

"Mwenyewe akija atatutukana, mama."

"Hana mwenyewe! Mfukuze!"

Akasikia bawaba zikilia, ufagio, na sauti ndogo ikisema shaa, shaa, toka wewe. Chelangat alishika ukuta.

"Ameenda. Upepo umempiga, akaisha."

Akaketi chini kwenye mchanga wa moto na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Wewe mzazi, mwambie wako leo, kabla hujatoka. Mbuzi wa watu afungiwe, lakini huyu anayenuka kitunguu afunguliwe mlango, na moto usiwashwe.

Jioni vyeti viligawanywa. Lopeyok aliamshwa ili apokee chake.

"Mwakani uzime simu," Kariuki alimwambia Chelangat.

"Na swali la mbuzi mbona halikuwemo?"

"Mbuzi ni wa ofisi ya mifugo, mama. Mlango wa pili hapo."

Chelangat alipofika Kakuma, Lopeyok alikuwa ameshatundika cheti chake dukani, juu ya mipira ile ile ya nyufa. Adeng alikuja na mandazi aliyopika kwa makaa.

"Cheti iko wapi?" akauliza.

"Nimeanguka."

"Woi! Pole, dada."

"Pole ya nini?" Chelangat akasema. Alikuwa amempakata Chepngetich, mkubwa alivyo, kama mtoto mchanga, miguu ikining'inia, na msichana hakukataa. Ng'ambo ya barabara mbuzi mwingine mweupe alitoka kwenye mlango wa duka la Lopeyok. Mwanaume aliyekuwa akivuta sigara aliizima kwa kiatu, akampisha, akaendelea na mazungumzo yake.